Muulize Fundi: Volti 12 hazikurushi, lakini zinaunguza

Mvua za masika zikishapita, barua za umeme wa gari huzidi za injini. Soketi zimelala na maji, taa zinawaka zinapotaka, honi inalia yenyewe saa nane za usiku na jirani hasalimii tena. Basi kila mwenye bisibisi na simu yenye tochi anataka kujifanyia mwenyewe uani kwake. Sina ubaya na hilo. Mimi kazi yangu ni nyaya za gari, hapa Mwanakwerekwe, na nusu ya kazi ninazoletewa mwenye gari angeweza kuzimaliza nyumbani. Nusu nyingine ni zile alizojaribu kuzimaliza nyumbani.

Ami Fundi, shikamoo. Nina Noah na nataka kufunga spotilaiti mbili mbele, kwa sababu njia ya kwetu usiku ni giza na ng'ombe wanalala barabarani. Rafiki yangu anasema hakuna haja ya kufungua betri, eti volti 12 hazimrushi hata mtoto mdogo. Ni kweli? Na umeme wa taa hizo niuchukue wapi?
*Msomaji, Kizimkazi*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kasema kweli, na kweli yake ndiyo inayowaponza watu. Volti 12 haziwezi kupenya ngozi kavu kiasi cha kukudhuru. Shika vichwa vyote viwili vya betri kwa mikono yako, hutasikia kitu. Kwa hivyo mtu huanza kuidharau, huifanyia kazi na pete kidoleni, saa ya chuma mkononi, spana kaitupa juu ya betri akajibu simu.

Lakini betri hiyo hiyo ndiyo inayozungusha stata, ile mota ya kuwashia injini, na stata ya gari ndogo hula ampea mia na kupindukia. Chuma chochote kikiunganisha kichwa cha chanya na bodi ya gari, hapo hakuna fyuzi wala swichi ya kukuokoa. Ampea mamia zinapita kwenye chuma hicho, na kinakuwa chekundu kabla hujakumbuka kuvuta mkono.

Palikuwa na kijana akijifunza kazi kwangu, ana pete ya fedha. Nikimwambia aivue, ananiambia haitoki, imebana. Siku hiyo alikuwa anafungua klempu ya chanya kwa spana namba kumi, na hasi bado imefungwa. Kidole kilipolala juu ya spana, pete ikagusa spana upande mmoja na chuma cha bodi upande wa pili. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama tone la maji likiangukia mafuta ya moto. Halafu ukelele. Pete tuliikata kwa plaizi, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, imeiva, duara kamili kuzunguka kidole. Kovu analo mpaka leo. Sasa ana karakana yake, kidoleni hana pete, na mkewe anajua kwa nini.

Kwa hivyo kabla hujagusa waya: vua pete, saa na mkufu. Gari iwe kwenye P, breki ya mkono juu, ufunguo nje. Kama ni ya kubonyeza kitufe, ufunguo uache ndani ya nyumba, usikae nao mfukoni. Kisha fungua klempu ya hasi kwanza. Sababu yake ni nyepesi: bodi yote ya gari ni hasi, kwa hivyo spana ikiteleza kwenye hasi ikagusa bodi, hasi imegusa hasi, hakuna cheche. Hasi ikishatoka, hata chanya ukiigongesha na bodi hakuna njia ya umeme kurudi. Wakati wa kufunga unageuza: chanya kwanza, hasi mwisho. Klempu ya hasi ukishaitoa izungushie kitambaa kikavu uipinde pembeni, maana ile waya yake nene ina tabia ya kujirudia yenyewe mahali pake ukiwa umeinama chini ya boneti.

Sasa taa zako. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa 12, unapata ampea 9 na kidogo. Fyuzi ya ampea 15 inatosha, na waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha na raha yake. Nunua waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usiuweke kwenye gari. Hukatika ndani kwa mtikisiko, na kwa nje huoni kitu. Na waya mwembamba wa spika waachie spika.

Chanzo kiwe betri yenyewe, moja kwa moja, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri. Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Wengi wanaiweka fyuzi kule kwenye taa, au ndani karibu na swichi, wanaona ni mahali pazuri pa kuifikia. Fyuzi hailindi taa. Taa ikiharibika utanunua nyingine. Fyuzi inalinda waya usigeuke kuwa hita, na inalinda ule waya uliopo baada yake tu. Kipande kilichopo baina ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ukikivuta mita mbili, kikachunika na kugusa bodi hapo katikati, kitaungua chote na kitaunguza na wenzake waliofungwa pamoja nacho.

Usipitishe ampea zote hizo kwenye swichi. Weka rilei, yaani swichi inayoamriwa kwa umeme mdogo ipitishe umeme mkubwa. Chini yake utaona namba: 30 inapokea kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 inakwenda kwenye bodi, 86 inapokea amri kutoka swichi yako. Hapo swichi inabeba umeme mdogo sana na haipati moto. Amri hiyo ya swichi ichukue kwenye waya wa taa ndogo za kuegesha. Usiitafute kwenye taa kubwa, kwa sababu Toyota nyingi hukata taa kubwa upande wa hasi, utapima kwa taa ya majaribio, utapata umeme kila mahali, na utamaliza mchana mzima ukidhani umerogwa.

Waya ukipita kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na ndani, upitie kwenye mpira wa tundu. Ukingo wa bati ni msumeno. Leo haufanyi kitu, na baada ya miezi ya barabara ya mawe utakuwa umeshakula plastiki yote.

Na kiungo usizungushe tu tepu nyeusi. Kwa joto letu gundi yake inayeyuka, tepu inajifungua, kinabaki kiungo kitupu chenye uchafu. Halafu kuna chumvi. Sisi tunaoishi visiwani hewa yetu yenyewe ina chumvi, na gari za pwani nikizimenya waya nakuta shaba ya ndani imekuwa nyeusi, na karibu na kiungo unga wa kijani. Tumia kiungo cha kubana kwa plaizi yake, juu uvishe mpira unaokaza kwa joto. Kama unapenda kulehemu, lehemu, lakini betri iwe imefunguliwa.

Ukishazifunga, ziinamishe. Dereva wa daladala anayekuja mbele yako naye ana ng'ombe wake wa kuwaona.

Assalaam alaykum Fundi. Probox yangu nabebea samaki. Fyuzi ya taa za nyuma inakatika kila nikiweka mpya. Jirani kachukua karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile ya kung'ara, kaizungushia fyuzi iliyokatika. Taa zimewaka, lakini nikienda mbali nasikia harufu ya plastiki. Nifanyeje?
*Msomaji, Mkokotoni*

Waalaykumu salaam. Weka gazeti chini, nenda kaitoe hiyo karatasi, halafu rudi umalizie kusoma. Ukiona tabu kuipata, fungua hasi ya betri na gari uisukume mbali na dirisha la chumba wanacholala watoto. Na isilale chini ya paa la makuti.

Fyuzi yako haikuwa mbovu. Ilikuwa inakwambia pana waya umegusa bodi, na wewe na jirani yako mmeinyamazisha. Sasa kinachoungua si fyuzi tena, ni waya wenyewe, na waya huo umefungwa pamoja na wenzake ishirini chini ya zulia, mahali usipopaona. Harufu hiyo ni plastiki inalainika. Ikishalainika, nyaya zilizokuwa hazina tatizo nazo zinagusana. Moto wa gari mara nyingi huanzia hapo, tena unaweza kuanza gari imeegeshwa na mwenyewe kalala, kwa sababu nyaya nyingi zina umeme hata ufunguo ukiwa nje.

Fyuzi ziwe za ampea ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku lake. Hizi za kuchomeka zina rangi zake: 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe inayoonesha ndani, 30 kijani. Taa za nyuma kwa kawaida ni 10, lakini uamini kifuniko kuliko mimi. Ikikatika nyekundu usiweke ya njano ili "ihimili". Itahimili yenyewe, waya hautahimili.

Kutafuta penye shoti huna haja ya kumaliza pakiti nzima ya fyuzi. Chukua balbu ya breki, ya wati 21, ifungie nyaya mbili, na ncha zake uzichomeke mahali pa fyuzi. Balbu hiyo hairuhusu hata ampea mbili kupita, kwa hivyo waya wako hautapata moto hata shoti ikiwepo. Toa balbu zote za taa za nyuma na ya namba ya gari, kisha washa taa. Balbu yako ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Ikiwaka hafifu ni taa za dashibodi zinakunywa, usihangaike nayo. Sasa ukiwa unaiangalia, au umemweka mtoto akuangalizie, tikisa nyaya kipande kwa kipande, chomoa soketi moja moja. Pale itakapozima ghafla, hapo ndipo penyewe.

Mimi ningeanzia mlango wa nyuma. Nyaya za taa ya namba zinapita kwenye ule mpira wenye mikunjo karibu na bawaba, na kila ukifungua mlango zinapindika. Wewe wa samaki unafungua mara ngapi kwa siku? Vuta mpira utoke, utakuta waya mmoja au miwili imepasuka plastiki shaba iko nje. Usiunge hapo hapo penye mkunjo. Kata, tia kipande kipya kirefu, viungo viwe ndani ya bodi na ndani ya mlango, mahali pasipopindika.

Pa pili ni soketi za taa zenyewe. Maji ya barafu na samaki yana chumvi, yanatiririka pembeni ya zulia mpaka kwenye soketi. Ukiona unga wa kijani, suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi, kausha sana, paka grisi kidogo. Na utafute turubai nzima ya kutandika chini ya ndoo zako.

Fundi, mimi ni mwalimu, nina Aqua. Mwanangu amemaliza chuo cha ufundi wa umeme wa majumbani na anataka kuifungua betri kubwa aisafishe, anasema kaona kwenye video. Nimruhusu?
*Msomaji, Fuoni*

Hapana, mwalimu. Na haya niliyoyasema juu kuhusu volti 12 kutomrusha mtu, kwa gari yako yafute.

Aqua ni haibridi, inakwenda kwa injini na kwa mota ya umeme, kwa hivyo ina betri mbili. Moja ni ya volti 12 kama za wote. Nyingine, iliyo chini ya kiti cha nyuma, ina volti 144, na kuna kifaa mbele kinachozipandisha mpaka volti 500 na zaidi kabla ya kuzipeleka kwenye mota. Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, unaoingia nyumbani kwako ni volti 230. Tena huu wa gari ni wa mkondo wa upande mmoja (DC), ukikushika misuli inajikaza na kuachia inakuwa tabu. Mwanao anaujua umeme wa nyumbani, na hilo ni zuri, lakini nyumbani anazima swichi kubwa na umeme unakwisha. Betri haina swichi ya kuuzima umeme uliomo ndani ya seli zake. Ukishaifungua kifuniko, umeme umo.

Alama yake ni rangi ya machungwa. Waya wowote wa rangi hiyo, popote utakapouona, haumenywi, haupimwi, haukatwi. Anayeifanya kazi hiyo kihalali anatoa kwanza plagi maalumu ya kukatia, amevaa glovu za mpira za kuhimili volti 1000 alizozikagua kwa kuzipuliza kama zina tundu, kisha anangoja si chini ya dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa kwenye vifaa ushuke, na hata hapo anapima kabla ya kugusa. Glovu za kuoshea vyombo hazimo katika hesabu hii.

Kijana ana kazi moja nzuri ya kufanya. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa linalopoza betri hiyo. Likizibwa na mabegi au likijaa vumbi, betri inapata joto na kuzeeka mapema. Asafishe kichujio chake kwa brashi laini, asiziache nguo na madaftari ya wanafunzi wako juu yake.

Na jengine, gari hizi zinadanganya kwa ukimya. Injini haingurumi, mtu anadhani imezimwa, kumbe neno READY linawaka kwenye dashibodi. Ukiigusa gia inaondoka. Kabla ya kuinamia chochote, READY iwe imezima na ufunguo uwe mbali. Wenye Prius niwaongezee: betri yenu ndogo mara nyingi iko nyuma kwenye buti, na kufuli la buti ni la umeme. Ukifungua betri ukasahau ukabamiza buti, umejifungia mwenyewe nje.

Ami, gari imekuja kutoka Japani, redio yake inaishia 90 tu, stesheni nyingi za hapa sizipati. Nataka kuitoa niweke nyengine, na usukani nao niubadilishe niweke wenye vitufe. Kuna la kuogopa?
*Msomaji, Chwaka*

Redio haina la kuogopa sana. Wajapani matangazo yao ya FM huanzia 76, ndiyo maana yako inaishia 90. Fungua hasi ya betri, toa redio, na kwenye mpya waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu unaingia ufunguo ukiwashwa, mweusi ni wa bodi. Fyuzi iliyo kwenye waya wa njano usiikate eti waya ni mfupi. Mara nyingi huuzwa soketi ya kuunganishia inayolingana na gari yako, hukati waya hata mmoja. Bei yake si kitu.

Usukani uache. Katikati yake umo mfuko wa hewa, na mfuko huo unafumuka kwa kiberiti chake, kwa nguvu ya kuvunja mkono au taya. Soketi na mirija ya nyaya zake ni ya njano, ndani ya dashibodi, kwenye usukani na mara nyengine chini ya viti. Njano usiiguse kwa taa ya majaribio, usiipime kwa mita hata kwa kujaribu tu, maana umeme mdogo wa mita wenyewe unaweza kuufumua. Hata fundi anayejua hufungua betri kwanza na kungoja; Toyota wanasema si chini ya sekunde 90, kwa sababu kifaa chake huweka akiba ya umeme ili kifanye kazi hata betri ikikatika kwenye ajali. Mimi nangoja zaidi, nikanywa chai. Na ukiona taa ya mfuko huo inawaka kwenye dashibodi baada ya kazi yako ya redio, umechomoa kitu cha njano bila kujua. Ilete.

Fundi, umeme ukikatika natumia betri ya gari kuwashia taa na televisheni, kisha naichaji usiku ndani. Mke wangu analalamika harufu. Ni sahihi?
*Msomaji, Wete*

Mke wako ana haki, na pua yake ni kipimo kizuri.

Desturi hii ilienea sana hapa Unguja wakati wa yale magiza, mwaka 2008 na baadaye ile miezi mitatu tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ilipokatika njia ya umeme ya chini ya bahari. Kila nyumba ilikuwa na betri chini ya meza. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Na cheche yenyewe unaitengeneza wewe unapochomoa klempu ya chaja bila kuzima swichi. Harufu anayoisikia bibi ni ya betri inayochajiwa kupita kiasi, harufu ya yai bovu. Ikifikia hapo zima ukutani kwanza, fungua madirisha, na usiiguse mpaka ipoe.

Chaji nje, kwenye upepo, pasiponyesha, juu ya ubao. Chaja izimwe kila unapofunga na kufungua. Kiasi cha ampea kiwe moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Ya 50 ichajiwe kwa 5, taratibu. Ikijaa na kutulia masaa kadhaa mita inasoma karibu 12.6. Waya wa kuongezea umeme kutoka ndani usilale kwenye mchanga uliolowa, maana huo ni umeme wa ZECO, na huo unapiga.

Vaa miwani ya kinga unapofungua vifuniko. Asidi ikiingia jichoni, maji safi mengi kwa robo saa nzima, jicho umelifungua kwa vidole, kisha hospitali. Usitie magadi jichoni. Magadi ni ya kumwagia sakafuni na kwenye vichwa vya betri. Ikikurukia kanzu hutaona kitu siku hiyo. Utaona ikitoka kufuliwa, ina matundu. Kuongeza maji tumia maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, na usome chupa vizuri usije ukatia asidi. Maji ya kisima yetu yana chumvi, yanaiua betri.

Stata haishiki. Nimefundishwa kulala chini na kuunganisha misumari yake miwili kwa bisibisi. Inawaka. Tatizo?
*Msomaji, Jang'ombe*

Tatizo ni kwamba hivyo unaipita swichi inayozuia gari isiwake ikiwa kwenye gia. Ikiwa gia imeingia, gari inaondoka na wewe uko chini ya tairi. Bisibisi nayo inayeyuka ncha na kurusha vipande vya chuma usoni. Pima kwanza betri, safisha vichwa vyake na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, maana stata nyingi "mbovu" ninazoletewa ni kutu ya mahali hapo. Ikikataa, itoe ipelekwe kwa fundi wa stata.

Nifanyapo kazi ya waya niweke nini karibu, maji au mchanga?
*Msomaji, Bububu*

Mtungi wa unga, wa kilo moja au mbili, na sindano yake ikiwa kwenye kijani. Uweke chini, upande unaoweza kukimbilia, si ndani ya buti. Spana namba kumi nayo iwe mkononi, ili ukiona moshi uweze kuitoa hasi kama bado pana njia ya kuifikia. Moshi ukitoka chini ya boneti iliyofungwa, usiinyanyue yote kwa pupa, hewa itaingia na moto utakuchangamkia usoni. Fyatua kidogo, ingiza mdomo wa mtungi kwenye upenyo, piga. Na kama mtungi wote umekwisha na bado unaona moto, watoe watu, waite zimamoto, gari iache.